Mizani Juu ya Dari

Nianze na ubishi: pilipili si mmea mgumu. Najua Lamu nzima inaamini kinyume, na ushahidi wanao. Mbegu humwagwa uani pamoja na maji ya kuoshea vyombo, mche ukajiotea wenyewe, na ukinusurika na mbuzi wa jirani utazaa mpaka uchoke. Anayesemwa kudeka ni tungule, yaani nyanya. Ila mbele ya chumvi mambo hugeuka. Wataalamu wa umwagiliaji wana jedwali la miaka mingi linaloonyesha chumvi ya udongoni ikifika kiasi gani ndipo kila zao linaanza kupoteza mavuno. Tungule huvumilia mpaka desisimensi 2.5 kwa mita, kipimo cha jinsi umeme unavyopita ambacho chumvi ikizidi nacho hupanda. Pilipili hulegea ikifika 1.5. Anayesifiwa ugumu ndiye anayetangulia kuanguka, na katika kisiwa ambacho maji ya visima hubadilika ladha kadiri kaskazi inavyovuma bila mvua, tofauti hiyo si ya kupuuzwa.

Hili sikulipata kwa kulima peke yake, wala kwa nyaya za vifaa vya umeme peke yake. Lilijitokeza pale viwili hivyo vilipokutana juu ya dari letu, mtaa wa Langoni, vikapingana.

Dari lenyewe lataka maelezo, maana asiyelijua atadhani kulima juu ni kupanga ndoo tu. Nyumba za zamani za mji huu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa vyumba: mita mbili na nusu hivi, ikizidi ni kidogo. Sasa chukua ndoo ya rangi ya lita 20, ijaze udongo, imwagilie mpaka ishibe. Inapita kilo 30. Ndoo kumi ni kilo 300 na ushei, zimekaa usiku na mchana juu ya miti iliyokatwa kabla mamangu hajazaliwa. Kwa hivyo zangu zote ziko kandokando ya kuta, pale boriti zinapoingia ukutani, na katikati hapana kitu. Kila moja ina sahani yake chini, kwa sababu maji yakizoea kupenya chokaa, boriti huoza kutoka ndani na hutajua mpaka vumbi lianze kukuangukia kitandani.

Udongo huvuka kwa boti kutoka Mokowe, ndani ya magunia. Nauchanganya nusu kwa nusu na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa ili upungue uzito. Makumbi nayo yana lake: yakiwa yametoka kwa wasokota kamba, yamekwisha kulowekwa baharini, chumvi imeingia mpaka ndani ya nyuzi, na hayafai hata kidogo mpaka yasuuzwe kwa maji matamu mara kadhaa. Samadi ya punda haina uhaba. Aliyepita njia za ndani asubuhi bila kutazama chini anajua.

Upande wa pili wa dari, chini ya kipande cha makuti, kuna meza yangu. Mchana naweka hesabu za biashara za watu; usiku nalehemu. Kaka yangu ana kibanda cha kutengeneza simu, na kila simu isiyopona hunifikia mimi: betri, spika, vile vimota vidogo vinavyoitetemesha mfukoni. Mengine, yaani mikrokontrola za ESP32 (vikompyuta vidogo vya kuendesha vifaa), sensa za kupimia na visakiti, huagizwa Nairobi au Mombasa, huja kwa basi, huvuka bahari, na hamali huyafikisha mlangoni akiuliza mbona kasha lenyewe jepesi hivi.

Sensa ambayo kila anayeingia katika mchezo huu huinunua kwanza ni ile ya meno mawili. Unaichomeka udongoni, umeme mdogo unatoka jino moja kwenda la pili kupitia unyevu. Udongo ukiwa mbichi umeme hupita kwa urahisi. Ukikauka hupata taabu. Mikrokontrola huusoma urahisi huo kama namba. Katika video za wenzetu wa Ulaya hadithi huishia hapo: namba ikishuka pampu inawaka, mmea unanawiri. Juu ya dari letu namba haikushuka. Ndoo ya pilipili ilikauka juu, ikakauka katikati, majani yakalala kabla ya saa tano asubuhi, na sensa ikashikilia kwamba udongo umeloa.

Sensa haikuwa mbovu. Maji yakiwa safi kabisa hupitisha umeme kwa shida sana. Kinachoubeba ni chumvi iliyoyeyuka ndani yake. Kwa hivyo meno mawili hayapimi maji. Yanapima maji na chumvi kwa pamoja, bila njia yoyote ya kuvitenganisha. Kule ambako watu humwagilia maji ya mvua au ya mto, chumvi haibadiliki sana, basi mabadiliko yote unayoyaona ni ya maji na sensa inaonekana mkweli. Hapa kila ukimwaga maji ya kisima unaongeza chumvi. Mmea hunywa maji ukaiacha chumvi. Jua hukausha maji likaiacha chumvi. Ndoo inavyozidi kukauka, ndivyo kile kilichobaki kinavyozidi kuwa kikali. Ukavu unaishusha namba, chumvi inaipandisha, na wewe uliye na simu mkononi unaona mstari ulionyooka na kudhani ni heri.

Kilichonishughulisha zaidi ni kwamba mmea nao ulikuwa unasema kweli. Mizizi huvuta maji kwa sababu utomvu ulio ndani yake ni mzito kuliko maji ya udongoni. Maji ya udongoni yakijaa chumvi, tofauti hiyo inapungua, na kuvuta kunakuwa kazi. Mmea unaweza kusinyaa kwa kiu ukiwa umesimama ndani ya tope. Aliyekuja akaona majani yamelala akaongeza maji yale yale ya kisima, amemwongezea mgonjwa ugonjwa.

Halafu meno huliwa. Ukiyapitishia umeme wa upande mmoja muda wote, jino linalotoa umeme huyeyuka kidogo kidogo na kuingia udongoni. Nina moja mezani hapa: upande wa kulia dhahabu ya juu ingali inang'aa, upande wa kushoto imebaki bodi ya kijani tupu yenye ukingo uliochongoka, shaba yote imekwenda. Katika udongo wa chumvi kazi hiyo haichukui muda. Unaweza kuichelewesha kwa kuiwasha sensa pale tu unapotaka kusoma, kisha kuizima, lakini kosa la kuchanganya chumvi na maji liko pale pale.

Ipo aina ya pili, isiyo na chuma kinachogusa udongo. Hii hupima uwezo wa udongo kuhifadhi chaji. Maji yana kiwango cha 80 hivi, mchanga mkavu hauzidi 5, kwa hivyo maji kidogo yakiingia tofauti huonekana wazi. Chumvi bado huipotosha, ila si kwa kiasi kile. Udhaifu wake uko kingoni: bodi imekatwa kiwandani na kingo zikaachwa wazi, maji huingia taratibu baina ya tabaka, na baada ya muda sensa inajipima yenyewe. Dawa ni rangi ya kucha, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikauke kwanza. Niliyokuwa nayo ni nyekundu, basi sensa zangu zote zina kingo nyekundu na mgeni hudhani ni alama ya kiwandani.

Lakini iliyomaliza maneno ni mizani.

Hoja yake ni nyepesi hata inaudhi. Lita moja ya maji ina kilo moja. Ndoo ikiwa imepungua gramu 800 tangu alfajiri ya jana, maji yaliyotoka ni mililita 800, ama yamepitia majanini ama yamekauka juu ya udongo. Chumvi haiendi popote, kwa hivyo haina la kusema. Mizani ya bafuni iliyokufa kioo ina ndani yake vipande vinne vya chuma vinavyopinda kidogo sana kwa uzito, na juu ya kila kimoja pamebandikwa utepe wa waya ambao ukinzani wake hubadilika chuma kikipinda. Badiliko hilo ni dogo mno kwa ESP32 kulisikia, ndipo kinaingia kisakiti kiitwacho HX711, kilichobuniwa kwa mizani hasa, kinachoikuza ishara na kuigeuza namba ya biti 24. Nyaya nne, programu fupi, ubao juu, ndoo juu ya ubao.

Khalati yangu anauza achari, na hupanda darini kwetu kukagua pilipili zake. Anaziita zake. Siku aliyoikuta ndoo juu ya mizani alisimama akaitazama, mikono kiunoni.

"Mwanangu, huu mti wapimwa kama kitoto cha kliniki?"

"Ndiyo, khalati. Tena kila saa."

"Na usipoongeza uzito wamwita daktari?"

Nikamwonyesha grafu kwenye simu. Akaivuta karibu, akaisogeza mbali, kisha akauliza swali ambalo mafundi wawili niliowaonyesha kabla yake hawakuliuliza: mbona usiku mstari umelala? Nikamweleza kwamba majani yana vitundu vidogo vya kutolea maji, na gizani mmea huvifunga, hivyo karibu hakuna kinachotoka. "Basi yale maji ya magharibi ninayoyatia kila siku ni ya nani?" Ni akiba ya kesho, nikamwambia. Akaguna. Lakini ameanza kumwagilia alfajiri baada ya swala, na sijamuuliza kwa nini.

Mstari wa mizani una mengi kwa anayeuzoea. Huanza kuteremka jua likishapanda, ukawa mkali kuanzia saa nne, ukapungua baada ya alasiri. Siku za kusi kali, hata mawingu yakifunika, mteremko ni mkubwa kuliko nilivyotarajia, kwa sababu upepo huchukua unyevu ulio juu ya jani na jani likatoa mwingine. Tungule iliyokomaa, katika jua la Februari, hunywa lita moja na zaidi kwa siku. Ndoo ya lita 20 yenye makumbi nusu haina akiba kubwa ya kustahimili hilo. Mizani hii ya bei rahisi nayo ina ila yake: chuma kikipata joto sifuri inahama, gramu kadhaa huku na huku, kwa hivyo mchana nautazama umbo la mstari tu. Hesabu yenyewe natoa alfajiri kwa alfajiri, chuma kikiwa kimepoa.

Na siku nyingine mstari hulala mchana. Unateremka vizuri asubuhi, ikifika saa sita unanyooka mpaka saa tisa, kisha unateremka tena. Sensa inasema udongo una maji, na safari hii ni kweli unayo. Mmea umefunga vitundu kwa sababu hauwezi kuyavuta. Mstari huo wa mchana ndio ulionipeleka kupima chumvi yenyewe.

Kupima chumvi ya maji ni kupima jinsi yanavyopitisha umeme, yaani kile kile ambacho sensa ya meno mawili hufanya bila kukusudia, ila sasa kwa adabu. Umeme uwe wa kwenda na kurudi ili vyuma visiliwe. Joto lipimwe pamoja, maana kila nyuzi moja ikipanda usomaji hupanda kwa kama asilimia 2. Na chombo kisawazishwe kwa maji ya kipimo yanayouzwa chupani, ambayo kwa nyuzi 25 husoma mikrosimensi 1413 kwa sentimita, yaani desisimensi 1.4 hivi kwa mita. Nimekiunda changu kwa vipande viwili vya chuma kisichoshika kutu, kwa ajili ya kujifunza. Kwa kazi ya kila siku kalamu ya kununua inatosha na haina maudhi. Maji ya mvua husoma karibu na sifuri. Bahari ni kama desisimensi 50 kwa mita. Visima vyetu viko katikati, na katikati hapo pana upana mkubwa.

Usomaji wenye faida kuliko wote si wa maji unayotia, ni wa yale yanayotoka chini ya ndoo. Yakisoma mara mbili ya yale uliyotia, chumvi inajirundika. Tiba haihitaji duka la kilimo: mwagilia mpaka kama sehemu moja ya tano itoke chini ikiwa na chumvi yake, na usiiache sahanini, kwa sababu makumbi yataifyonza tena. Maji hayo naupa mnazi wa uani, ambao chumvi haijawahi kuunyima usingizi. Na kila niwezapo natumia ya mvua. Wazee wa Pate na Kiwayu waliojenga majabia ya kukusanya mvua, na wa mjini waliojenga mabirika ndani ya nyumba na kutia samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu, hawakuwa na kalamu ya kupimia. Walikuwa na ulimi.

Kuoza vitako ndiko kulikonitia hasira kuliko yote. Tungule inakua vizuri, kijani, imejaa, halafu upande wa chini unatokea doa kama la maji, linakuwa kahawia, linakuwa jeusi na gumu, bapa, na tunda likaiva kabla ya wakati wake likiwa limeharibika. Kisa ni ukosefu wa kalsiamu. Sasa tazama mahali ninapoishi. Kuta ni chokaa, plasta ni chokaa, mchanga wetu ni matumbawe yaliyosagika, ukipuliza vumbi la dirishani umepuliza kalsiamu. Vipi mmea uikose?

Kalsiamu haitembei yenyewe ndani ya mmea. Hupanda na maji, na maji hupanda kuelekea yanakovukizwa. Majani huvukiza sana, kwa hivyo huchukua fungu kubwa; tunda huvukiza kidogo na kupata makombo. Maji yakisimama mchana, iwe kwa ukame au kwa chumvi, tunda ndilo la kwanza kunyimwa, na madhara hutokea likiwa bado dogo, wiki kadhaa kabla jicho halijaona doa. Kila mtu atakushauri maganda ya mayai. Mimi nasema usihangaike. Kalsiamu udongoni ipo tele, kinachokosekana ni mwendo wa maji. Nilichofanya ni kuchanganya maji ya kisima na ya birika, kumwagilia mara mbili kwa siku badala ya kujaza mara moja, na kusimamisha pazia la makuti upande wa magharibi kuanzia adhuhuri. Doa halikwisha kabisa. Lilipungua kiasi cha kuweza kuuza.

Chuma nacho ni hivyo hivyo. Majani machanga ya pilipili yakiwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, mara nyingi chuma kipo udongoni ila chokaa imekifungia. Mboji nyingi husaidia. Misumari ya kutu, ambayo mtaani husifiwa sana, haisaidii kitu.

Joto sasa, maana hata ukiishinda chumvi kuna usiku wa Machi. Ua la tungule hufunga tunda vizuri usiku ukiwa baina ya nyuzi 15 na 21 hivi. Zaidi ya hapo chavua hudhoofika na ua hukauka shingoni likaanguka. Kipimajoto changu usiku wa Machi mara nyingi hakishuki chini ya 25. Hakuna mbolea ya kuliondoa hilo. Ninachoweza kubadilisha ni kalenda: mbegu nazisia Mei, chini ya upenu, mvua za mwaka, yaani masika, zikiwa zimeshika, nahamishia ndooni Juni mvua ikilegea, ili maua yaje Julai na Agosti wakati kusi imeupooza mji. Mbegu za Cal J zinanifaa kwa kuwa mmea wake ni mfupi. Money Maker hurefuka, na juu ya dari kusi huulaza.

Chavua yenyewe ina mchezo wake. Katika ua la tungule imefichwa ndani ya kijibomba cha njano, na hutoka nchani kikitikiswa tu. Nyuki wa asali hajui. Anayejua ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa boriti na milango ya watu: hulikumbatia ua, akatetemesha misuli ya mbawa bila kuruka, vumbi likamwagika. Watu humfukuza kwa sababu ya boriti, na siwalaumu. Mimi natumia kimota cha simu iliyokufa, nimekifunga kwa uzi kwenye chelewa pamoja na betri bapa ya volti 3. Saa nne asubuhi, umande ukishakauka, nagusa kikonyo cha ua sekunde moja au mbili. Ukiweka mkono wa buibui chini yake utaona vumbi la njano, jepesi mno, linaonekana kwa sababu tu nguo ni nyeusi. Katika vifaa vyangu vyote hiki ndicho kilicholipa haraka, na ndicho ambacho hakina programu ndani yake.

Pilipili hazihitaji hayo, upepo unazitosha. Kinachoziandama ni shore. Ndege huyo anazila pilipili mbuzi na pilipili kichaa bila kukunja uso, na sababu yake inajulikana. Ukali wa pilipili ni kemikali iitwayo kapsaisini, na kinachoihisi ndani ya mwili wetu ni mlango ule ule wa neva unaohisi joto la kuunguza, la nyuzi 43 na kuendelea. David Julius aliutambua mlango huo mwaka 1997 kwa kutumia kapsaisini, na mwaka 2021 akawa mmoja wa wawili waliopewa Nobel ya tiba. Mlango wa ndege hauisikii kapsaisini. Panya husikia, sisi tunasikia, ndege hula na kwenda kuzitupa mbegu mbali zikiwa nzima. Kwa pilipili ndege ndiye mteja, sisi tumejitia tu. Tena tumejitia juzi: kabla ya Columbus kuvuka mwaka 1492 upande huu wa dunia haukuwa na pilipili hii wala tungule, na wapishi wa pwani walikuwa wakiwasha chakula kwa pilipili manga na tangawizi. Ukimwambia hayo khalati atakuuliza walikula nini na mahamri.

Vifaa navyo huugua chumvi ile ile. Hewa ya bahari ikilala juu ya shaba, huota kutu ya kijani, na pini iliyokuwa imara mwezi wa kusi inaanza kusoma upuuzi mwezi wa kaskazi. Nyaya zote huingia sandukuni kutoka chini, zikiwa zimening'inia kwanza ili tone lidondoke kabla ya kufika mlangoni. Viungo napaka mafuta mazito ya kujipaka. Mjusi bado ataingia, na bodi ina joto anapenda kulalia. Waifai haipiti kuta za matumbawe, kwa hivyo ESP32 huhifadhi usomaji yenyewe, inalala usingizi mzito baina ya saa na saa ili betri ya simu na paneli ndogo ya sola viitosheleze, na mimi huja na simu juu kuuchukua.

Watu wanaoviona huuliza mbona sijafunga pampu ijimwagilie yenyewe, wakati kila kitu kipo. Pampu ninayo, imo katika kasha. Sehemu ya jibu ni lile dari: mpira ukichomoka usiku, lita 100 zinaingia katika chokaa na boriti za watu waliolala chini. Sehemu nyingine ni nzi weupe. Hukaa chini ya jani, huruka ukiligusa, na hueneza virusi vinavyokunja majani ya tungule, ambavyo vikishaingia mmea ni wa kung'oa. Hakuna sensa yangu inayomwona. Namwona mimi, nikiwa na kopo mkononi, jani likiwa karibu na pua. Ndipo naleta maji ya mwarubaini yenye sabuni kidogo, yeye akiwa bado mmoja mmoja.

Kazi iliyo mezani sasa ni ya mvua ya kwanza. Nina mita za mraba 20 hivi za mabati zinazoelekea birikani, na milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, basi mvua ya milimita kumi ni lita 200 za bure. Ila baada ya miezi ya kaskazi, mabati yamejaa vumbi, mavi ya ndege na chumvi iliyoletwa na upepo, na milimita ya kwanza au mbili huosha yote hayo moja kwa moja mpaka birikani. Lita 20 hadi 40 za mwanzo hazifai kuingia. Nimesimamisha bomba pana lililozibwa chini: linajaa kwanza, mpira ulio ndani unaelea, unaziba mdomo, na maji yanayofuata yanaendelea birikani. Hakuna waya hata mmoja. Kinachonikwamisha ni mpira wenyewe. Wa tenisi unakwama kwenye ungio, wa mezani unapasuka jua likiupiga. Mvua zikianza kabla sijapata unaofaa, nitasimama juu mwenyewe na kalamu ya chumvi, nielekeze mpira wa maji nje mpaka usomaji ushuke, ndipo niuingize.